Klachi ya Mkono

Jumatatu, 4 Oktoba

Mwalimu amenipa daftari hili la kurasa mia mbili. Kasema, "Ukitaka kugombana, gombana na karatasi. Mimi nimechoka." Mwalimu ni mke wangu. Kijiji kizima humwita hivyo, na mimi nimo. Haya basi, karatasi, jiandae.

Leo asubuhi alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu kumtazama Nyumbu. Nyumbu ni gari langu, foo-wili la zamani lenye mgongo mrefu na mabenchi mawili nyuma. Nimelipandisha na kulishusha miaka kumi na tisa kati ya kijiji chetu huku juu na mji ulio ng'ambo ya mto. Sikumwita mnunuzi mimi. Kaitwa na Mwalimu. Bwana yule alizunguka gari, akapiga tairi teke, kisha akanitazama mguu, yaani pale ulipokuwa mguu wa kushoto, akasema, "Mzee, gari limemaliza kazi yake, na wewe umemaliza yako. Pumzikeni wote."

Nikamwambia atoke kwangu kabla sijampa gongo. Ninayo mawili. Moja la kusimamia, la pili kwa wageni kama yeye.

Jumanne, 5 Oktoba

Chai haina sukari. Ujumbe umefika.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimekaa siku nzima ndani ya Nyumbu nikifikiri. Mguu waliouondoa ni wa kushoto. Mguu wa kushoto wa dereva una kazi moja tu: kukanyaga klachi ili gia iingie. Mafuta na breki ni kazi ya mguu wa kulia, nao ninao, mzima, mkaidi kama mwenyewe. Basi miezi kumi yote hii nimekalishwa kitini kwa sababu ya pedali moja! Si macho, si mikono, si akili. Pedali.

Nitafunga mkono wa klachi wa pikipiki kwenye mkono wa gia. Kiganja kilekile kitakachobadilisha gia kitabana klachi. Nimemweleza Mwalimu. Kasema, "Na mvua ikianza? Na gari likizimika mtoni?" Nikasema mvua huanza kila mwaka na hakuna anayeiomba ruhusa.

Hakucheka.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimefunga. Nimebana kwa nguvu zangu zote mpaka vidole vikafa ganzi. Klachi ya Nyumbu ni nzito, haikutengenezewa vidole. Niliachia ghafla, Nyumbu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akapita katikati ya banda la kuku. Kuku wote wazima. Banda ni historia.

Majirani walikusanyika. Mmoja akauliza kama nimeumia. Nikamjibu aliyeumia ni banda.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mwalimu kasema neno moja tu asubuhi: "Cheche." Nikasema hapana. Kasema tena jioni. Nikasema hapana kwa sauti kubwa zaidi.

Cheche ni mdogo wake, shemeji yangu, fundi wa kuchomelea. Karakana yake iko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, na kwa miezi kumi sijampa hata salamu. Niandike kwa nini, kwa kuwa karatasi haiwezi kunikatiza. Vuli iliyopita tulikuwa tukivuta lori lililonasa kwenye tope. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikielekeza, Cheche ndiye aliyetundika mnyororo kwenye ndoano ya Nyumbu. Ndoano ikang'oka. Mnyororo ukaja. Nilipozinduka nilikuwa hospitalini na Mwalimu ameshika viatu vyangu viwili, akiwa hajui afanye nini na kimoja.

Aliutundika vibaya. Hayo ndiyo maneno yangu toka siku ile.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nimejaribu kurefusha ule mkono wa klachi kwa bomba. Bomba limepinda. Nimejaribu kamba na gurudumu dogo. Kamba imekatika ikanichapa sikio.

Jumamosi, 16 Oktoba

Cheche amekuja. Hakuja kwa magoti wala kwa maneno. Kaja na kitu cha duara kama sufuria lililofunikwa, akakiweka juu ya boneti.

"Buster ya breki," alisema. "Nimeitoa kwenye gari dogo bovu. Hii hutumia pumzi ya injini kumsaidia dereva kukanyaga breki. Tukiifunga isukume pedali ya klachi, kidole kimoja kitakutosha, shemeji."

Wazo zuri likitoka kwa mtu uliyemnunia linauma kuliko jipu. Kisha nikamwambia afanye kazi, lakini tusizungumze ila habari za chuma.

Kasema, "Chuma ndicho ninachokijua."

Jumatano, 20 Oktoba

Chuma tu. Siku tano. Kapima mara tatu, kakata mara moja. Pedali yenyewe hatukuiondoa. Buster inaivuta kwa chini. Nimebana kwa vidole viwili, pedali ikazama kama inakanyagwa na jini.

Nikawasha. Gia ya kwanza. Nyumbu akaenda mbele, polepole, kistaarabu, mpaka langoni, akarudi. Nilitaka kupiga kelele. Nilijizuia kwa sababu Cheche alikuwa pale.

Mwalimu alikuwa dirishani. Pazia likaanguka nilipomtazama.

Alhamisi, 21 Oktoba

Mvua ya kwanza. Dakika kumi.

Jumanne, 26 Oktoba

Sasa tunamtayarisha Nyumbu kwa tope lenyewe. Tumeongeza vipande viwili vya springi nyuma ili tumbo liinuke. Matairi yenye meno makubwa. Bomba la pumzi limepanda ubavuni mpaka juu ya paa, injini ivute hewa hata maji yakifika kwenye taa. Mipira midogo ya kupumulia difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, nayo tumeipandisha juu. Mimi hulala chini ya gari kwenye gunia. Kule chini hakuna anayejua nina miguu mingapi.

Leo ilibaki ndoano mpya ya kuvutia. Nilichukua brashi ya waya kusafisha kipande cha ile ya zamani kilichobaki kwenye chesisi, pale ilipokatikia. Nikasugua. Kutu ikatoka. Nikaacha kusugua.

Chuma kikikatika siku moja, jeraha lake hung'aa lote. Hiki robo tu ndiyo iliyong'aa. Robo tatu ilikuwa nyeusi, imeliwa na kutu ya miaka. Ufa ulikuwamo zamani. Ndoano ilikuwa inashikiliwa na robo ya chuma na ubishi wangu.

Nikakumbuka. Ee Mungu, nilikumbuka kwa sauti yake kabisa. Mwezi mmoja kabla ya ajali, hapa hapa uwanjani, Cheche alisema, "Shemeji, hiyo ndoano ina ufa. Nipe nusu siku niing'oe." Na mimi nikamjibu mbele ya watu, "Wewe kachomelee mageti."

Nilikaa chini ya gari muda mrefu. Hatimaye miguu ya Cheche ikaja.

"Shemeji, umelala?"

"Uliniambia," nilisema.

Miguu haikusogea.

"Uliniambia ina ufa. Mbona hukusema, miezi kumi yote? Hata siku moja? Ungeniumbua."

Akachuchumaa. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, kichwa chini miguu juu kama popo. "Ulikuwa umepoteza mguu, shemeji. Nilidhani ukinichukia mimi itakusaidia kuamka asubuhi."

Sijui kulia chini ya gari. Grisi huingia machoni. Nilimwomba radhi hapo hapo, mgongo kwenye gunia, kwa maneno manne au matano, mabaya yote. Akasema, "Yamekwisha. Nipe hiyo spana kumi na tisa."

Jumatano, 27 Oktoba

Nimemwambia Mwalimu. Kasema, "Mimi nilijua." Nikauliza alijuaje. "Ni mdogo wangu. Na wewe ni mume wangu. Nilijua yupi kati yenu hasikii."

Jumanne, 2 Novemba

Mvua. Mvua. Mvua.

Alhamisi, 4 Novemba

Leo tumeshuka mjini, Cheche akiendesha, mimi nikisaga meno pembeni, ili nikafanyiwe mtihani wa leseni upya. Mkaguzi wa magari ni mtu msafi sana, kola inakata kama wembe. Hakutoka hata kwenye kibaraza.

"Leseni ya dereva," alisema, "ni ya mtu mwenye miguu miwili."

"Nionyeshe ilipoandikwa."

Akafungua kitabu cha kanuni. Akafunua mbele, akafunua nyuma, akalowesha kidole, akafunua tena. Mimi nikasubiri nimesimama, sikukubali kiti. Kanuni hiyo haikuwamo. Akakifunga.

"Rudi baada ya mvua."

"Nikirudi baada ya mvua utasema rudi kabla ya mvua."

"Mzee, usinifundishe kazi."

"Nani akufundishe? Hujanipa hata nafasi ya kukuonyesha yangu."

Tukaondoka. Cheche alicheka njia nzima. Mimi sikucheka mpaka tulipovuka mto.

Jumapili, 7 Novemba

Bila leseni siendi barabara kuu. Lakini vijia vya kijiji havina mkaguzi. Nimefanya mazoezi: kupanda kwenye utelezi kwa gia nzito, kusimama katikati ya mlima, kuondoka bila kurudi nyuma. Mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua saba. Mara ya tisa hatua moja. Mara ya ishirini, hakuna.

Jumatatu, 8 Novemba

Jirani kaniuliza, "Unatafuta nini mzee, kwenye tope na hali yako?" Nikamwambia natafuta mguu.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimebadilisha oili ya difu, nimepaka grisi kila kiungo. Waya unaotoka kwenye mkono wa klachi umeanza kukwaruza kidogo. Cheche anataka tubadilishe. Nimesema tutabadilisha. Nimesema, sijasema "kachomelee mageti". Duka halina. Ameagiza.

Jumamosi, 20 Novemba

Daraja la miguu limekwenda na maji.

Lilikuwa ndiyo njia ya watoto. Shule yetu ya huku juu haina chumba cha mtihani. Wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la mwisho, darasa la Mwalimu, wanatakiwa wawe mjini Jumatano saa mbili asubuhi. Mtihani hausubiri mto. Atakayekosa, amekosa mwaka. Wawili kati yao, nawajua wazazi wao, hawatapewa mwaka mwingine.

Mwalimu hajala.

Jumatatu, 22 Novemba

Gari la serikali lililotumwa kuwachukua watoto limegeukia ng'ambo. Dereva wake aliutazama mto, akapunga mkono, akaondoka.

Mchana mwenyekiti wa kijiji kaja kwangu na nusu ya kijiji nyuma yake. Yule yule aliyesema mwezi jana nafanya maskhara. "Mzee," kasema, "umetengeneza gari la kupita majini. Basi pita. Hilo bomba la paani ni la nini?"

Tukashuka wote, Nyumbu mbele, mpaka kivukoni, pale magari hupita majini mto ukiwa mdogo. Niliingia na gongo moja, Cheche amenishika mkanda kwa nyuma. Nilikuwa nimechora alama kwenye gongo: maji yakifika hapa, Nyumbu anapita, yakizidi, anaelea. Hatua ya tatu tu, maji yalimeza alama na yakaendelea. Na yalikuwa yanasukuma. Chini, mawe yalikuwa yanatembea, niliyasikia yakigongana kama meno.

Nikatoka. "Sipiti."

Makelele! Mzazi mmoja akalia. Mwenyekiti akasema, "Miezi miwili unatupigia kelele za injini, leo unaogopa?" Na kijana mmoja akasema nyuma, ili nisikie, "Mguu mmoja, moyo nusu."

Mbishi kama mimi, jambo rahisi kuliko yote lilikuwa kuwasha gari na kuwaonyesha. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango. Lakini ubishi wa kweli, nimegundua leo, si kufanya kila unachokatazwa. Kuna siku ni kukataa unachosukumwa.

"Mwaka jana sikumsikiliza aliyeniambia kuna ufa," nilisema. "Mguu wangu uko wapi? Haya, mto huu una ufa. Simwingizi mtoto wa mtu humu. Akitaka kupita mwenyekiti, funguo hii hapa."

Hakuichukua.

"Kuna njia ya wapasua mbao," nikaendelea. "Juu ya mgongo wa mlima, mpaka daraja la mawe. Haijapitwa na gari miaka sita. Tukitoka kesho alfajiri tunafika jioni. Anayetaka mtoto wake aende, amlete na panga na koleo."

Mwalimu alikuwa wa kwanza kuondoka pale. Nilidhani amekasirika. Nilipofika nyumbani nikamkuta anapanga penseli kumi na moja mezani.

Jumatano, 24 Novemba

Naandika nikiwa nje ya uzio wa shule ya mjini. Saa tatu asubuhi. Wamo ndani. Ngoja niyaandike ya jana yote kabla hayajageuka hadithi.

Tuliondoka kukiwa kumepambazuka. Watoto kumi na mmoja nyuma, mimi kwenye usukani, leseni au la, kwa kuwa Cheche anahitajika nje: amesimama juu ya bampa na panga, Mwalimu kushoto kwangu na bahasha ya vyeti mapajani. Yeye hajawahi kupanda Nyumbu toka ajali. Alifunga mkanda, akaangalia mbele kama anayesubiri kung'olewa jino.

Saa nne za mwanzo zilikuwa panga na koleo. Mti umelala njiani, tunaufunga kwa winchi ya mkono, tunauburuta. Watoto waliimba mpaka wakachoka. Nyumbu alikuwa mtamu: gia nzito, mwendo wa kobe, meno ya matairi yakiuma tope na kulitema. Niliona Mwalimu amelegeza vidole kwenye bahasha.

Kisha mlima wa mwisho. Udongo mwekundu, utelezi kama sabuni, korongo upande wa kulia. Katikati ya mlima nikabana klachi nibadilishe gia, nikasikia kitu kidogo sana. Tik.

Ule waya.

Injini ikazima. Nyumbu akaanza kurudi nyuma. Breki nilikanyaga kwa roho yangu yote. Matairi yakafunga lakini tope liliendelea kututeleza, hatua mbili, tatu, kuelekea korongo. Cheche alikuwa ameshuka tayari. Jiwe la kwanza likaruka chini ya tairi likatemwa. La pili likashika.

Kisha sauti ya Mwalimu, ile ya darasani: "Watoto. Shukeni kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, upande wa mlima. Hakuna kukimbia."

Wakashuka. Cheche akaingiza kichwa. "Waya mwingine haupo, shemeji. Buster haifanyi kitu bila waya."

Pedali ilikuwepo. Nikachukua gongo, nikaiweka ncha yake kwenye pedali, nikasukuma kwa mkono wa kushoto. Ilizama, nzito kama kaburi, lakini ilizama. Ila sasa mkono wa kulia uko kwenye usukani, wa kushoto kwenye gongo. Wa kubadilisha gia hayupo. Na Cheche lazima abaki nje na winchi na mawe.

Nikamtazama Mwalimu.

"Sijawahi kushika gia maishani," alisema.

"Na mimi sijawahi kukanyaga klachi kwa gongo. Tuko darasa moja."

Nikadhani atashuka. Haki yake. Alifungua mkanda, akageuka, akaweka bahasha chini ya kalio lake isiruke, akashika mkono wa gia kwa mikono miwili kama mtu anayekaba shingo ya bata.

"Nifundishe," alisema. "Haraka. Mimi ni mwanafunzi mzuri kuliko wewe."

"Nikisema 'sasa', moja iko kushoto mbele. Usiipige, ipeleke."

Nikawasha. Nikasukuma gongo. "Sasa!" Gia ililia, akaikataza kulia, ikaingia. Nikaachia gongo polepole, polepole, jasho linaingia machoni. Cheche anavuta winchi aliyoifunga kwenye mti wa juu, anapiga kelele, "Twende! Twende mama!" sijui alikuwa anamwambia dada yake au gari. Nyumbu akatikisika. Akang'ata. Akapanda.

Tulipofika juu watoto walikuja mbio wamepakwa tope mpaka nyusi. Mwalimu hakuachia gia. Ilibidi nimwambie mara mbili.

Kutoka pale mpaka mjini, saa tatu nzima, tuliendesha hivyo. "Sasa, mbili." "Sasa, tatu." Karibu na daraja la mawe sikusema tena kitu, alisikia injini mwenyewe, na mkono wake ukawa tayari kabla ya gongo langu. Miaka ishirini na minne ya ndoa, hatujawahi kupatana kiasi hicho kwa maneno machache namna ile.

Tuliingia mjini jua likiwa bado halijazama. Usiku watoto walilala kwenye madawati, wameoga, wote kumi na mmoja.

Ijumaa, 26 Novemba

Mtihani umekwisha. Mkaguzi katuma askari na barua: niende nikajieleze kwa kuendesha bila leseni. Nimeenda na Nyumbu huyo huyo, waya mpya ukiwa umefungwa, nikaegesha mbele ya kibaraza chake.

"Nimekuja kujieleza," nilisema. "Maelezo yenyewe yako kwenye usukani. Panda."

Watu walikuwa wengi, na wengine walikuwa wazazi wa watoto wale. Akapanda. Alinipeleka sokoni, akanipeleka kwenye mteremko wa kinu, akaniambia nisimame katikati, nizime, niondoke. Niliondoka. Alichungulia nyuma kwenye kioo, kisha akachungulia tena kwa kutoa kichwa dirishani, akachafua kola.

Kaniandikia onyo kwa kosa la Jumanne, kwa kalamu nyekundu. Na chini yake, kwa wino wa bluu, kapiga muhuri wa leseni.

Nimezipokea zote mbili. Onyo ni haki yangu pia.

Jumanne, 30 Novemba

Oili ya difu ya nyuma imekuwa nyeupe kama maziwa. Maji yaliingia. Nimemwaga, nimeosha, nimejaza mpya. Bushi mbili, zile pete za mpira za viungo, zimekufa. Springi moja ina ufa. Nimeionyesha kwa Cheche kabla hajaiona. Kaing'oa leo leo.

Jumapili, 12 Desemba

Mvua imekatika tangu Alhamisi. Tope limeanza kupasuka.

Leo baada ya chakula cha mchana Mwalimu katoka amevaa suruali yangu ya kazi, ameikunja miguuni, akaketi kwenye kiti cha dereva.

"Leo mimi," alisema.

Nikamweleza yote tangu mwanzo: mkono, buster, pumzi ya injini, vidole viwili. Akasema anataka kwa mkono, kama mimi, ingawa ana miguu miwili, asije akasahau njia yoyote. Alizima mara sita. Jirani mmoja akaegemea ukuta kuangalia, akasema, "Mwalimu, hiyo si chaki!" Mwalimu akamwambia asogee, kwa kuwa kwenye somo la breki bado hawajafika.

Mara ya saba Nyumbu alienda. Akapita uwanjani, akapita penye banda jipya la kuku bila kuligusa, akafika langoni. Nilijua atasimama hapo. Sote tulijua.

Akaingiza gia ya pili akatoka.

Nilimfuata kwa magongo yote mawili mpaka njia panda, nikiita, nikihema. Vumbi la kwanza la kiangazi likanijaa mdomoni. Alikuwa ameshapinda kona ya karakana, anapanda mlima, na kutoka kule nikasikia injini ikiomba tatu, na ikapewa.